Mteja Aliyetaka Kuwa Mkwe

Kosa la Nyamhanga halikuwa kumpenda Risper. Kosa lake lilikuwa kumwambia mama yake Risper huku ameshika kichwa cha samaki.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na hoteli ya Zilpah, pale Homa Bay chini ya soko, ilikuwa imejaa mpaka wengine wanakula wamesimama kama kwaya. Nyamhanga alikuwa kwenye meza yake, ile ya karibu na mlango wa jikoni, mafuta yamempanda mikononi mpaka kwenye mkanda wa saa. Mbele yake alilala samaki ngege mzima, aliyekaangwa hadi ngozi ikakauka ikawa inalia chini ya jino, kisha akatumbukizwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu akatulia humo mpaka akalainika kiasi cha kusamehe dhambi zote. Kando yake ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, mzito, umekaa kwenye sahani kama jiwe lenye heshima zake. Zilpah alikuwa akiusonga ugali huo kwa ajili yake peke yake. Mkuria, alisema Zilpah, ukimpa ugali mweupe anakula huku anakuangalia kama umempotezea ng'ombe.

Nyamhanga alikuwa akiuza dawa za mifugo, za kupe na za minyoo, akizunguka na gari dogo la kampuni kutoka kwao Ntimaru hadi Kisegi. Ng'ombe walimlipa mshahara, lakini kilichomwamsha asubuhi kilikuwa hoteli. Ungemwamsha usingizini ukamuuliza ni wapi Rongo utapata kuku wa kienyeji ambaye hakuchemshwa mpaka akasahau kwamba aliwahi kuwa kuku, angekujibu kabla ya kufungua macho. Alijua nani anakausha nyama vizuri, nani anaiba ndimu kwenye kachumbari, na ni mpishi yupi amegombana na mumewe, kwa kuonja tu chumvi. Na katika hoteli zote hizo, alikuwa ameipa moja tu moyo wake.

"Nyamhanga," Zilpah alikuwa akimwuliza akipita na sahani za watu wengine, "huyo samaki alikukosea nini?"

"Alichelewa, mama."

"Na mbona umekonda?"

"Nimekonda, mama? Na hili tumbo?"

"Hilo ni upepo. Millicent! Muongezee huyu mtoto mchuzi!"

Watu walicheka, na Nyamhanga alicheka kuliko wote. Alipokuwa kidato cha pili, walimzika mama yake mzazi. Tangu hapo alikuwa mtu wa kulishwa na watu wanaomwuliza kama anataka soda. Zilpah peke yake ndiye aliyemwuliza mbona amekonda.

Sasa, Risper hakumjulia hapo. Alimjulia Rongo, kwenye duka la dawa ambako binti huyo alikuwa akifanya kazi, siku Nyamhanga alipoingia ameshika kifua baada ya kushindana na sahani ya matumbo ya mbuzi. Risper alimwuzia dawa ya kiungulia na kumkaripia bure bila malipo. Wiki iliyofuata kiungulia kilirudi. Iliyofuata kilirudi hata kabla hajala. Miezi ikapita, wakaelewana, na alipokuja kugundua kwamba Risper ni binti ya Zilpah, Nyamhanga aliona Mungu amempakulia vyote kwenye sahani moja. Angekuwa na mke, na samaki, na mama. Hakuona shimo lilikokuwa.

Kwa hivyo mchana ule, akiwa ndio kwanza amelifyonza jicho la ngege na furaha imempanda kichwani, alisema, "Mama, mimi na Risper tumeelewana. Nataka kumuoa."

Zilpah alikuwa ameshika upawa. Upawa ulibaki hewani, mchuzi ukidondoka sakafuni tone kwa tone. Hoteli nzima ilinyamaza, hata watu ambao hawakusikia. Kisha Zilpah akavuta leso kutoka mabegani, akajifunika uso, akageuka, akaingia jikoni, na akafunga mlango. Mlango ule ulikuwa ukishikiliwa wazi na jiwe tangu hoteli ifunguliwe. Alilisukuma jiwe kwa mguu.

Millicent, mhudumu mwenye mwili mkubwa na sauti inayoushinda mwili, alimjia juu.

"Omera, umefanya nini?"

"Nimesema nataka kuoa."

"Kwa mdomo wako?"

"Nilikuwa nitumie wa nani?"

"Mtu hutuma jagam! Mshenga! Wazee wanakaa, wanakohoa, wanazunguka na maneno mpaka jioni. Wewe unamwambia maro wako, mama mkwe mzima, uso kwa uso, na jicho la samaki bado liko hapo kwa mdomo! Woi! Hata wazungu huwa wanapanguza mdomo."

"Atacheka," Nyamhanga alisema. "Namjua. Atatoka hapo akicheka."

Millicent aliingia jikoni. Alipotoka hakuwa anacheka.

"Anasema umalize, unawe mikono, uende. Hapa usirudi tena kula. Ukiwa na maneno, wajomba zako watauliza njia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lini nini? Wewe ukishakuwa mkwe, yeye ni maro. Maro hakai akikuangalia unakula. Hakupakulii. Hakutanii. Njia mkikutana, mmoja anapita kando. Hata kwenu si hivyo?"

Hata kwao ilikuwa hivyo, tena zaidi. Nyamhanga alikumbuka utotoni, baba yake akiteremka na baiskeli pale Ntimaru, akamwona bibi, mama mkwe wake, anapanda kilima na kikapu. Baba aliruka kwenye mahindi. Baiskeli iliendelea peke yake mpaka mtoni. Siku ile Nyamhanga alicheka mpaka akapigwa. Lakini Zilpah, alijiambia, ni mtu wa mjini. Anapokea oda kwa simu, Jumamosi anaimba kanisani, kwa nini ashike mambo ya kujificha kwenye mahindi?

Jioni alimpigia Risper.

"Ulimwambia samaki akiwa mdomoni?" Risper alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Nyamhanga, wewe! Haya, tuma wajomba, yaishe."

"Yaishe vipi? Sitakula kwake tena."

"Si utafute hoteli nyingine? Homa Bay ukitupa jiwe unavunja dirisha la hoteli."

"Risper, hujaelewa. Mama yako ndiye…" Hakujua amalizeje. "Ule mchuzi."

Kicheko kikaisha upande wa pili. "Ngoja. Wajomba hujawatuma kwa sababu ya mchuzi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi nijibu. Unanitaka mimi ama unataka kichwa cha samaki?"

Hapo mwanamume mwenye akili angejibu kabla swali halijaisha. Nyamhanga alimpenda Risper, Mungu shahidi. Lakini aliposikia "kichwa cha samaki" alikiona, kiko kwenye sahani ya bati, kimeelekea kwake, na nyuma yake Zilpah anauliza mbona amekonda. Alikaa kimya kiasi cha mtu kumeza mate mara moja. Ilitosha.

"Sawa," Risper alisema polepole. "Nikisikia umeketi tena kwa mama ukala, nitajua umenijibu." Akakata.

Alipompigia tena hakushika. Alituma ujumbe, alama zikaonyesha umesomwa, basi.

Ndipo Nyamhanga alipoanza kutafuta. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akipata hoteli moja tu, moja, yenye mkono kama wa Zilpah, atawatuma wajomba siku hiyo hiyo, amuoe Risper, na maisha yaendelee. Alishuka Kisegi akala mbuta aliyetoka majini asubuhi, nyama nyeupe inayobanduka yenyewe, akainua kichwa kungoja mtu amtanie. Mwenye hoteli alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Alipanda Rongo, akapita njia ya nyuma asipitie duka la dawa, akala kuku kwa mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa usiku mzima. Ilikuwa tamu. Alijua ni tamu jinsi mtu anavyojua kwamba mbili na mbili ni nne. Alikwenda mpaka mpakani kula nyama choma, akaagiza ubavu, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mchomaji akamwuliza kama anakula au anachimba kisima.

Tumbo lilijaa kila siku. Na kila siku alitoka mezani na njaa ile ile aliyoingia nayo.

Mwisho aliangukia kwa Suleman, mjini Migori. Wazee wa Suleman walitoka pwani na mifuko ya mchele, naye alikuwa amerithi hoteli na ulimi. Pilau yake ilisikika kabla hujaegesha gari. Nyamhanga alikula sahani ya kwanza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye ya pili mkono ukasimama.

"Bwana Nyamhanga," Suleman alisema, akivuta kiti, "watu huja hapa wakalia kwa sababu ya pilipili. Wewe unalia na pilipili sijakuletea. Nieleze, au niifunge hoteli?"

Nyamhanga akamweleza yote. Suleman alisikiliza akipangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Kwa hivyo binti unamtaka."

"Namtaka."

"Na mama naye unamtaka awe mama."

"Ndiyo."

"Na ukimchukua binti, mama anakuwa mkwe, anakukimbia. Ukimwacha binti, mama anabaki mama."

"Hapo ndipo nilipo, Suleman. Nisaidie, ndugu yangu. Wewe mpishi. Mchuzi wake unaweza kuuiga? Nitakueleza kila kitu kinachoingia."

Suleman alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mchuzi naweza. Ila mimi nikikuuliza mbona umekonda, utaniamini? Wewe huna njaa ya samaki, bwana. Kula pilau yako kabla haijapoa, na uache kuzitukana hoteli za watu kwa kitu ambacho hazikuiba."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli huo haukumsaidia Nyamhanga hata kidogo. Usiku huo hakulala. Asubuhi aliamka na wazo, na lilikuwa wazo baya kiasi kwamba lilimpa nguvu.

Risper alisema asiketi kwa mama akala. Hakusema asile chakula cha mama akiwa amesimama mahali pengine. Nyamhanga aliendesha mpaka Homa Bay, akaacha gari mbali kwenye kituo cha mafuta, na akatafuta mtu wa boda asiyemjua. Alimpata Mochama, kijana wa Kisii mwenye koti zito kwenye jua kali.

"Nenda kwa Zilpah," alimwambia. "Agiza ngege wa kufungiwa. Sema kichwa kisikatwe, kipasuliwe katikati kidogo mchuzi uingie. Ndimu mbili. Pilipili ikae peke yake kwa karatasi. Na ugali wa wimbi na muhogo, ule wa pembeni ulioshika moto kwenye sufuria. Ukiulizwa ni ya nani, sema ni yako."

"Na mimi nakula ugali wa wimbi?"

"Leo unakula."

Mochama akaenda. Nyamhanga akasimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya fungu la matikiti maji, akiinama kila kichwa kilipogeuka. Mwuza matikiti alimwuliza ananunua au anataga. Nyamhanga alizidi kuinama. Kutoka pale alisikia harufu: vitunguu vimeshika rangi, nyanya zinaingia, sasa dhania. Angeweza kukwambia Zilpah amefika wapi bila kuona.

Ghafla kelele za karai zikakoma.

Zilpah alitoka mlangoni mwenyewe, upawa mkononi, jasho usoni, akiangalia barabara juu na chini. Alikuwa ameisikia ile oda. Mtu gani mwingine duniani angeagiza ugali wa pembeni? Akaangalia boda, akaangalia duka la simu, akaangalia matikiti. Macho yao yakakutana.

Nyamhanga alitaka kusema mama. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Zilpah alipiga ukelele mdogo, akatupa leso usoni, akageuka kukimbia, akagonga mwanamume aliyekuwa akitoka na toothpick mdomoni, akamzunguka, akajificha nyuma ya friji ya soda. Na Nyamhanga, bila kupanga, kwa miguu ya baba yake, akajirusha chini nyuma ya matikiti. Tikiti moja likabingirika barabarani. Watu wakapasuka kwa kicheko: mama mtu mzima nyuma ya friji, kisigino kinaonekana, muuza dawa za ng'ombe chini nyuma ya fungu la matunda, tumbo linaonekana.

Millicent akaja mpaka katikati ya barabara, mikono kiunoni.

"Toka huko! Njoo mpaka mlangoni, usivuke. Yeye ataongea akiwa ndani."

Nyamhanga akavuka. Akasimama kizingitini. Ndani, kwenye meza yake, Mochama alikuwa ameketi na koti lake, ameduwaa. Ngege hakuwa amefungwa; alikuwa tayari mezani, mzima, moshi unapanda, kichwa kimepasuliwa katikati kidogo.

Kutoka nyuma ya mlango wa jikoni sauti ya Zilpah ilisema, "Millicent, mwambie huyo mtu kwamba nimemwona."

"Anasema amekuona," Millicent alisema, ingawa walikuwa hatua chache tu.

"Mwambie mama nisamehe," Nyamhanga alisema.

"Anasema umsamehe."

"Mwulize wajomba wake wamefungwa kamba?"

"Mwambie…" Nyamhanga alishika mwimo wa mlango. "Mwambie nikiwatuma, nitampoteza. Mwambie sina mtu mwingine wa kuniuliza nimekula. Mwambie kama ananikataa aniambie tu, lakini asinikimbie."

Millicent hakurudia maneno hayo. Uso wake ulilegea. Kisha akamshika bega akamgeuza.

"Wewe ni mjinga kweli. Unamwona yule?" Kwenye kona mwanamume mnene wa miaka arobaini hivi alikuwa akila taratibu, kitambaa shingoni. "Stanley. Karani wa pamba zamani. Alimtaka Risper kabla yako. Mama alikataa. Alitoka jikoni akamwambia hapa hapa usoni, wazi, bila leso, na akampakulia mwenyewe. Mpaka leo anampakulia. Stanley!"

Stanley akainua kijiko kwa adabu.

"Umeona? Aliyekataliwa ndiye anakula. Wewe unakimbiwa. Mtu hamkimbii mtu ambaye hajamkubali."

Nyamhanga alisimama pale, na kila kitu kikamgeukia. Kumbe leso ile, mlango ule, jiwe lile lililosukumwa kwa mguu, vilikuwa ndiyo. Alikuwa amepewa jibu tangu siku ya kwanza, na akalizungusha Migori yote akilitafutia dawa.

Sauti ya jikoni ikaja tena, sasa haikuwa na ukali.

"Millicent, mwambie samaki yake iko mezani. Nimeipika jinsi anavyopenda. Akitaka aingie, akae. Akikaa, mimi ni mama wa hoteli na yeye ni mteja wangu, nitatoka hapa nimpakulie na mikono yangu, na maneno ya mtoto wangu yamekwisha, sitakuwa na hasira. Akitaka yale mengine, asivuke huo mlango. Wajomba waje. Siku hiyo atapikiwa na wamama wengine wa boma, na ale kidogo kama mgeni, asinitie aibu."

"Nani atapika?" Nyamhanga aliuliza, hakuweza kujizuia.

"Mimi," Millicent alisema.

Wateja wote walimwonea huruma waziwazi. Millicent alikuwa mtu mwema, lakini chai yake tu ilikuwa ikitumwa kurudi.

Harufu ilimfikia, ndimu juu ya ngozi ya moto. Meza ilikuwa hapo. Mguu wake wa kulia ulikuwa tayari umeinuka, na Millicent aliuona, na pengine Zilpah naye aliuona kutoka kwenye upenyo, kwa sababu jikoni kulinyamaza kabisa. Nyamhanga alimfikiria Risper nyuma ya kaunta Rongo, akimsomea maelekezo ya dawa ambayo wote wawili walijua hahitaji. Akauona uso wake wakati wa kile kimya kwenye simu, ingawa hakuwahi kuuona.

Akarudisha mguu chini, upande wa nje.

"Mwambie mama," alisema, kisha akajirekebisha, na kujirekebisha huko kulimuuma kama mfupa kooni. "Mwambie maro wangu, asante kwa chakula. Chote."

Millicent akageuka. "Anasema asante."

Jikoni kulisikika mtu akipenga kamasi, kisha karai likaanza kulia tena kwa nguvu kuliko kawaida.

"Sasa hii samaki?" Mochama aliuliza.

"Kula," Nyamhanga alimwambia. "Anza na shavu. Usimwage mchuzi."

Akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta, nje, penye jua, akampigia mjomba wake Marwa, wakaongea kwa Kikuria muda mrefu. Kisha akampigia Risper. Simu iliita mpaka alipokaribia kuishusha.

"Sema," Risper alisema.

"Wajomba wanakuja. Jumapili hii."

"Uko wapi?"

"Homa Bay."

"Umekula kwa mama?"

"Sijala."

"Nyamhanga. Uko wapi hasa?"

Kupitia dirishani alimsikia Mochama akikivunja kichwa cha ngege, akikifyonza, akisema peke yake kwa mshangao, "Aki ya Mungu." Na Zilpah, kwa ile sauti yake ya kila mchana, akamwuliza yule kijana wa boda huyo samaki alimkosea nini.

"Nje," Nyamhanga alisema.

"Nje wapi?"

Alifunika mdomo wa simu kwa mkono, akapanguza macho, akaiachia.

"Nje tu."